Usiokote anwani za wateja, waache wajiandikishe wenyewe

Wiki hii nimepigiwa simu na maafisa ugani wenzangu wawili, na kijana mmoja anayeuza vifaranga ameniandikia, wote wakiuliza jambo lile lile: ule ukurasa ambao wateja wa miche wanajiandikisha wenyewe, mliutengenezaje? Nimeona niandike kwa urefu mara moja. Ila siwezi kueleza ukurasa bila kueleza kosa lililotulazimisha kuutengeneza, na kosa lile lilikuwa langu, si la kikundi.

Kwanza uelewe mazingira yetu. Kata ninayoihudumia iko mkoa wa Njombe. Kuna kikundi cha kina mama na vijana 14 wenye kitalu cha parachichi aina ya Hass, miche iliyobebeshwa. Wateja wao si wanakijiji peke yao. Wengi ni wale tunaowaita wakulima wa simu: mtumishi yuko Dodoma, mfanyabiashara yuko Kariakoo, nesi yuko Mwanza. Ana ekari mbili au tatu alizonunua au kurithi, kamweka kijana wa kulitunza shamba, na yeye analima kwa kupiga simu kila Jumapili. Mtu wa namna hii ananunua miche 80, inapandwa mwezi wa kumi na mbili, halafu hajui cha kumuuliza kijana wake. Machipukizi yanaota chini ya kiungo cha kubebeshea, hayaondolewi, mche wa juu unadhoofika, na miaka kadhaa baadaye anavuna matunda ya mbegu ya kienyeji badala ya Hass. Unadhani analaumu nani? Analaumu kitalu.

Kwa hiyo kikundi kilihitaji njia ya kuwafikia watu hawa kabla hawajanunua na baada ya kununua. Kupiga simu mmoja mmoja kunamaliza vocha. Tulifungua kundi la WhatsApp, likawa la mpira, dua za asubuhi na picha za maua, na ujumbe wa kuweka matandazo ukazama humo humo. Mtu akikereka anatoka, na aibu ya kutoka inamfanya wakati mwingine abaki akiwa amezima sauti. Barua pepe hawa watu wanazo, na wanazifungua kazini kila asubuhi. Ndiyo maana tukaenda huko. Naomba usinielewe vibaya. Mkulima wangu wa mahindi kijijini simwandikii barua pepe. Huyo namfuata na pikipiki, au namtumia ujumbe mfupi. Angalia mteja wako anafungua nini kwanza, ndipo uchague.

Sasa kosa. Tulikwenda maonesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Kwenye banda letu tuliweka kitabu cha wageni kama kila banda linavyofanya: jina, unakotoka, simu, barua pepe, maoni. Kijana wa kikundi akaongeza safu nyingine kwa kalamu nyekundu, "Unahitaji miche mingapi?" Watu waliandika. Mgeni akipewa kalamu na kufunguliwa kitabu anaandika, ni ustaarabu wetu. Tuliporudi nyumbani nikakaa na kitabu kile siku mbili, nikaingiza watu 212 kwenye kompyuta. Nilijiona nimefanya kazi kubwa. Nikaandika tangazo la miche, bei, na namba ya mweka hazina, nikabandika anwani zote 212 kwenye kisanduku kimoja cha wapokeaji ambapo kila mtu anamwona mwenzake, nikatuma.

Hilo peke yake lilikuwa baya. Lakini kuna baya zaidi. Faili nililoambatisha halikuwa lile la bei za miche. Lilikuwa orodha nzima, yenye majina, mikoa, namba za simu, na ile safu ya kalamu nyekundu.

Majibu yalianza jioni ile ile. Mmoja aliuliza nani kanipa anwani yake. Mwingine alijibu kwa watu wote 212 akitangaza viwanja vyake vinavyouzwa. Mwingine naye akawajibu wote akiomba aondolewe, na kumi wakamjibu yeye. Nilicheka kidogo, nikasema wabongo bwana. Faili niligundua siku ya pili yake. Hapo nilinyamaza. Sikumwambia mtu yeyote kwenye kikundi. Nilijipa moyo kwamba watu hawafungui viambatisho.

Baada ya wiki mbili hivi, mwalimu mstaafu mmoja anayeishi Makambako alimpigia mwenyekiti wa kikundi kuuliza miche yake itafika lini. Mwenyekiti akamuuliza, miche ipi? Kumbe alikuwa amepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa karani wa kikundi. Mtu huyo alimtaja jina lake kamili, akamtajia kwamba alihitaji miche 60, akamwambia wanaolipa nusu mapema wanahifadhiwa miche mikubwa. Mwalimu akatuma shilingi 150,000. Nani asingeamini? Mpigaji alijua idadi ya miche ambayo mzee aliiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kila mwenye simu Tanzania anaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaucheka kwa sababu haujui jina lako. Ukishapata jina lako na shida yako, hauchekeshi tena.

Niliitisha kikao nikasema ukweli. Mama mwenyekiti hakunigombeza. Aliomba orodha yote 212, akaigawa kwa wanachama, na kwa siku tatu wakawapigia watu kuwaonya: kikundi hakina karani, hakuna malipo ya awali kwa simu. Tuliripoti polisi, na namba ya tapeli tukaituma 15040, ile ya kuripoti namba za utapeli. Fedha haikurudi. Nililipa mimi kutoka kwenye mshahara, kwa miezi miwili, na niliipeleka mwenyewe Makambako. Mwalimu alinipokea vizuri, nikamwamkia, akanikaribisha chai. Alizihesabu zile fedha, akaziweka chini ya kitambaa cha meza, kisha akaniambia kwa utaratibu kama anasahihisha daftari: "Kijana wangu, mimi niliandika kwenye kitabu cha wageni. Sikuomba kuandikiwa na mtu."

Niliporudi nikaanza kusoma, na nilianzia kwenye sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake ya kuisimamia. Jina, namba ya simu na barua pepe ya mtu ni taarifa zake binafsi. Ukizikusanya, mwenye taarifa ajue unazikusanya kwa kazi gani, na usizitumie kwa kazi nyingine. Anayo haki ya kukuzuia usimtumie matangazo ya biashara. Na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume. Wengi wetu tunadhani hayo ni mambo ya benki na kampuni za simu. Kikundi chenye daftari la wateja kinahusika pia. Nenda kaulize, usisubiri uulizwe wewe.

Tabia hii ya kutumia watu tangazo wasiloliomba haikuanza na sisi, wala na simu. Mwaka 1978 mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, Gary Thuerk, alituma tangazo la mashine zao kwa watu wapatao 400 kwenye mtandao wa ARPANET, kabla intaneti tuijuayo haijakuwepo. Walikasirika vile vile. Basi nikajiona niko nyuma kwa zaidi ya miaka arobaini.

Tulifuta orodha yote. Vijana wawili walilia nayo, maana watu 212 ni wengi kwa kitalu kidogo. Nikawaambia hatuna watu 212, tuna watu 212 wanaotuogopa. Tukaanza upya na ukurasa.

Ukurasa ninaouzungumzia si tovuti nzima. Ni ukurasa mmoja wenye kazi moja tu. Mtu anafika, anasoma kwa nusu dakika, anaamua: nitaandika anwani yangu au sitaandika. Hakuna historia ya kikundi, hakuna picha ya mgeni rasmi akikata utepe, hakuna viungo kumi vya kumpoteza. Kijana mmoja wa kikundi aliyesomea kompyuta ndiye aliyeutengeneza kwa kutumia huduma za kutuma barua pepe kwa wingi. Zipo nyingi, kama Mailchimp, MailerLite na Brevo, na zina mpango wa bure wenye kikomo. Soma kikomo hicho kabla hujajenga, maana hubadilika. Fomu za Google nazo zinakusanya majina vizuri, ila hazimtumii mtu barua ya kuthibitisha kwa mtindo nitakaoueleza hapo chini.

Toleo la kwanza niliandika mimi, na lilinuka serikali. Kichwa cha habari kilisema karibu kwenye ukurasa wa kikundi chetu chenye lengo la kuinua kipato. Fomu ilikuwa na maswali 11: jina la kwanza, la kati, la ukoo, jinsi, umri, mkoa, wilaya, kata, ekari, simu, barua pepe. Nilitaka hata namba ya kitambulisho cha Taifa, kijana akakataa. Kitufe kiliandikwa "Wasilisha". Kwa wiki tatu walijaza watu sita, na wawili kati yao walikuwa ndugu zangu.

Ndipo kijana akaniuliza swali lililonifaa kuliko yote: "Mtaalamu, barua ya kwanza tutakayomtumia, umri wake utatusaidia nini?" Sikuwa na jibu. Tulipita swali moja moja kwa mtindo huo. Kata? Hatuitumii. Jina la ukoo? Hatulitumii. Simu? Ndiyo iliyotuumiza, itoke. Yakabaki mawili: barua pepe, na mkoa lilipo shamba, kwa sababu ushauri wa parachichi wa Njombe wenye baridi ya Juni si ushauri wa Morogoro. Taarifa usiyoichukua haiwezi kukuponyoka.

Halafu tukaja kwenye kitu anachopata. Mtu hakupi anwani yake kwa sababu wewe unaihitaji. Nilikuwa nimeandika "Jiandikishe upate habari zetu". Nani anatafuta habari za kitalu? Tulikaa tukakumbuka maswali wanayotuuliza kwa simu. Karibu yote yalikuwa ya aina moja: mwezi huu nimwambie kijana wangu afanye nini? Tukaandaa kalenda ya miezi 12 ya kwanza ya mche wa parachichi, kurasa mbili za PDF. Mashimo ya sentimita 60 kila upande yaandaliwe mwezi mmoja kabla, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyoiva. Nafasi ya mita 7 kwa 7, ambayo ni miche kama 80 kwa ekari. Kiungo cha kubebeshea kikae juu ya udongo, kisifukiwe. Machipukizi ya chini ya kiungo yaondolewe kila yanapotokea. Matandazo yasiguse shina. Maji yasituame, maana mizizi ya parachichi huoza upesi. Mwishoni mwa Mei andaa kivuli cha nyasi kwa ajili ya barafu ya alfajiri. Mambo haya ninayasema kila siku bure, hakuna siri. Ila yakipangwa kwa miezi, mtu wa Dodoma anaweza kuyasoma kwenye simu huku kijana wake akimsikiliza upande wa pili.

Kichwa cha habari tukakibadili kikawa: "Umepanda parachichi lakini huishi shambani? Kila mwezi tutakukumbusha cha kumwambia kijana wako." Chini yake picha moja, ya kiungo cha mche chenye chipukizi baya, na mshale. Chini ya picha, fomu ya maswali mawili. Kitufe hakisemi tena "Wasilisha", kinasema "Nitumie kalenda". Na chini ya kitufe kuna sentensi ambazo mama mwenyekiti alizisimamia mwenyewe neno kwa neno: tutakutumia barua moja kwa mwezi, mara mbili kwa mwaka tutakuambia miche iko tayari, anwani yako hatumpi mtu, na unaweza kujitoa siku yoyote. Kuna kijisanduku cha kuweka alama ya kukubali matangazo ya miche. Kijisanduku hicho tumekiacha kitupu, akiweke alama mwenyewe. Anayetaka kalenda tu bila matangazo anapewa kalenda tu. Kijana aliona tunapoteza wateja hapo. Inawezekana. Mimi bado nina sauti ya Makambako masikioni.

Jambo moja dogo lakini lina uzito: ukurasa uwe mwepesi. Picha ya kwanza tuliyoweka ilipigwa kwa kamera ya mtu wa mradi, ilikuwa megabaiti nne. Mteja mwenye bando la kuhesabu anasubiri, anaona duara linazunguka, anafunga. Tuliipunguza mpaka chini ya kilobaiti 100 na bado chipukizi linaonekana. Jaribu ukurasa wako kwenye simu ya bei nafuu, ukiwa mahali mtandao unasumbua, si kwenye kompyuta ya ofisini.

Sasa kuthibitisha. Mtu akishabonyeza kitufe, hatumtumii kalenda moja kwa moja. Anapokea kwanza barua fupi: umejiandikisha kupata kalenda ya parachichi, kama ni wewe bonyeza hapa, kama si wewe usifanye chochote na hatutakuandikia tena. Akibonyeza ndipo anaingia kwenye orodha na kalenda inakuja. Mwanzoni sikulipenda kabisa hili. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa anaishia hapo. Nilipowafuatilia niliowafahamu, mmoja aliandika "gmail.con", mwingine barua ilikuwa imeangukia kwenye barua taka, na mmoja alikuwa ameandikishwa na shemeji yake kwa utani. Kwa huyo wa mwisho, hatua hii ndiyo iliyomkinga na sisi. Kwa yule wa barua taka, tuliongeza mstari kwenye ukurasa unaotokea baada ya kubonyeza: fungua barua pepe yako sasa hivi, kama huioni angalia kwenye barua taka.

Tatizo la barua taka lilitusumbua miezi miwili. Tulikuwa tunatuma kupitia ile huduma, lakini jina la mtumaji ni anwani ya bure ya Gmail. Kwa mashine za Google hiyo inaonekana kama mtu anayejifanya mwingine. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza zaidi. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku lazima athibitishe kwamba barua ni zake kweli, aweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, na wanaomlalamikia wasifike asilimia 0.3. Sisi hatufiki hata elfu moja kwa mwezi, ila tumejiwekea kipimo hicho hicho, kwamba kati ya watu 1,000 watatu wakisema hii ni taka, tumeshaharibu. Tulinunua jina letu la tovuti linaloishia na .co.tz, kijana akaweka rekodi zinazoitwa SPF na DKIM kwa kufuata maelekezo ya ile huduma, na barua zikaanza kufika. Mimi sizielewi zile rekodi kwa undani. Stashahada yangu ni ya mazao. Nilichoelewa ni kwamba zinafanya kazi kama muhuri wa ofisi kwenye barua, na bila muhuri mtunza lango ana haki ya kukurudisha.

Kuna swali kila mtu analiuliza: watu wanaufikaje ukurasa? Hauokoti watu wenyewe. Tuliweka kiungo kwenye stetasi za WhatsApp za wanachama. Nilibandika karatasi yenye msimbo wa kupiga picha kwa simu kwenye mbao za maduka mawili ya pembejeo, kwa idhini ya wenye maduka. Lakini kilichozidi vyote ni kile kibao kidogo cha plastiki kinachofungwa kwenye mche. Zamani kiliandikwa "Hass" na namba ya simu. Sasa nyuma yake kuna msimbo na maneno "Kalenda ya kutunza mche huu". Kijana wa shamba anapokea miche, anampigia picha bosi wake, bosi anaona msimbo. Na Nane Nane iliyofuata hatukuweka safu ya barua pepe kwenye kitabu cha wageni. Jina na unakotoka, basi. Aliyetaka kalenda alielekezwa kwenye msimbo uliobandikwa kwenye nguzo ya banda, akajiandikisha kwa simu yake mwenyewe. Siku zote za maonesho tulipata watu 47. Jirani zetu wa banda walikuwa na madaftari mawili yaliyojaa, na walitutania sana.

Hao 47 wana thamani gani? Nikupe mfano mmoja. Mwishoni mwa Mei tuliandika barua kwa wenye mashamba Njombe peke yao, ile sehemu ya "mkoa" ilitusaidia hapo, kwamba baridi inakuja, wafunike miche midogo kwa kichanja cha nyasi, wazi upande wa mashariki jua la asubuhi lipite. Kulikuwa na picha ya kichanja kimoja na orodha ya vifaa, yaani miti minne, kamba, nyasi. Ndani ya siku mbili watu 19 walijibu. Wengine walituma picha za vichanja vyao vilivyopinda, nikawarekebisha. Nilipopita mashambani Julai nilikuta miche iliyoungua kwa barafu kwenye mashamba mengi, na kwenye mashamba ya waliojibu nilikuta michache sana. Siwezi kukuambia barua ndiyo iliyofanya yote, maana aliyejibu barua pengine ni yule yule anayefuatilia shamba lake hata bila barua. Lakini Oktoba, tulipoandika kwamba miche iko tayari, oda za nusu ya kitalu zilitoka kwenye orodha hiyo, na hakuna aliyeuliza nani katupa anwani yake.

Wapo wanaojitoa. Kila barua ikienda, wawili au watatu wanajitoa. Mweka hazina alikuwa anataka tuwapigie kuwauliza sababu. Nimekataa. Njia ya kutoka iko chini ya kila barua, kwa Kiswahili, maandishi ya ukubwa wa kawaida, na akibonyeza ametoka. Hatumuulizi nenosiri wala hatumwambii tutamkumbuka. Mara moja kwa mwaka tunapitia pia walio kimya. Asiyefungua barua yoyote kwa miezi 12 tunamuuliza mara moja kama bado anaitaka kalenda, asipojibu tunamfuta. Tutafanya hivyo Jumamosi hii, na najua orodha itapungua, na najua mweka hazina atanuna.

Ukianza yako, anza na barua tatu ukiwa umeshaziandika kabla hujafungua ukurasa. Sisi tulifungua tukiwa na kalenda tu, mwezi wa pili ukafika hatuna la kuandika, tukaruka mwezi. Waliojiandikisha kwa ahadi ya kila mwezi waliliona hilo, na watatu walitukumbusha. Na faili la orodha lisikae kwenye simu ya mtu wala kwenye flashi. Letu liko ndani ya ile huduma, nenosiri wanalo watu wawili, mimi si mmojawapo. Niliomba mwenyewe nisiwe.

Yule mwalimu wa Makambako hayumo kwenye orodha. Miche yake 60 alikuja kuichukua mwenyewe, akalipa taslimu, akaomba risiti. Kibao chenye msimbo alikisoma mbele na nyuma, akakirudisha kwenye mche bila kusema neno. Mwishoni mwa Mei simwandikii, nampigia kwa vocha yangu, namwamkia, namwambia baridi inakuja. Mwaka huu alinijibu kwamba ameshafunika tangu wiki iliyopita, akauliza habari za watoto.